UZI: Mwanafunzi wa uuguzi akiugua wakati wa janga (Lamu na Malindi). Tuweke utaratibu wote hapa

SistaMkomani (mkufunzi wa kliniki, Lamu)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wanafunzi wanapokaribia kupelekwa wodini huwa naulizwa maswali yale yale, kisha majibu yanapotelea kwenye magrupu ya WhatsApp. Nafungua uzi huu yakae pamoja. Mfano mkuu ni UVIKO-19 kwa kuwa ndio tulionao kwa ukamilifu, ila mengi yatafaa ugonjwa wowote wa kuambukiza kwa hewa utakaokuja.

Naanza na lililo zito. Mwanafunzi wa uuguzi yuko katikati: anashika wagonjwa kama mfanyakazi, lakini hayumo kwenye orodha ya mishahara wala ya zamu. Mgonjwa wa kitanda fulani akipatikana na virusi, hospitali inatafuta waliomhudumia kwa kufuata orodha ya zamu. Majina ya wanafunzi yako kwenye karatasi ya chuo, tena pengine karatasi yenyewe imebaki kwa mwalimu. Hapo mwanafunzi anarukwa, na yeye anaendelea kulala chumba kimoja na wenzake watatu.

Kwa hiyo kila zamu jiandikie mwenyewe kwenye simu au daftari: tarehe, wodi, upande wa wodi, umevaa nini usoni, na kama ulikuwepo mgonjwa akifyonzwa makohozi, akivutishwa dawa ya mvuke au akiingizwa mpira wa kupumulia. Kazi hizo ndizo zinazorusha chembechembe ndogo hewani, na ndizo zinazoamua kama barakoa ya upasuaji ilikutosha au ilitakiwa N95 (barakoa inayochuja chembe ndogo na kuziba kabisa usoni).

La pili ni siku ya kwanza ya dalili. Iite siku 0, na uiandike siku hiyo hiyo, hata kama ni koo kukereketa tu. Kila hesabu itakayofuata inaanzia hapo: lini kupima, lini hatari ya mapafu, lini kutoka chumbani, hata barua ya ruhusa. Tatizo ni kwamba wengi hungoja siku mbili tatu kwa kuogopa kupoteza saa za kliniki, halafu wanataja siku waliyozidiwa kana kwamba ndiyo ya kwanza. Hapo hesabu yote inapotoka.

Na saa ziandikwe kwa mfumo wa wodini: 20:00, si "saa mbili". Anayesoma karatasi yako usiku asianze kubahatisha kama dozi ilimezwa asubuhi au jioni.

---

MaabaraMalindi

Sista umesema kweli kuhusu siku 0. Naongeza upande wa vipimo.

Tangu kuambukizwa hadi dalili kutokea ni siku 2 hadi 14, wengi kama siku ya 5. Kipimo cha haraka cha antijeni hufanya kazi vizuri ndani ya siku 5 hadi 7 za kwanza za dalili. Kikitoka hasi nawe una homa na kikohozi, usirudi wodini kwa furaha. Rudia baada ya saa 48, au omba PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi). Hasi ya antijeni inamaanisha virusi havikuonekana kwenye sampuli ile, basi.

Makosa ninayoyaona kwenye sampuli:

Kijiti hakifiki. Sampuli ya nyuma ya pua inataka kijiti kiende sambamba na kaakaa, si kuelekea juu kama unachokonoa paji la uso. Kina chake ni karibu nusu ya umbali wa kutoka tundu la pua hadi sikio. Kifike, kizungushwe taratibu, kiachwe sekunde chache kinyonye.

Joto. Vifaa vingi vya antijeni vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30. Malindi mwezi wa Februari, boksi lililoachwa dirishani au ndani ya gari linavuka 30 kabla ya adhuhuri. Mstari wa udhibiti unaweza kuonekana vizuri na bado kipimo kikawa kimepungua nguvu.

Muda. Vingi husomwa kati ya dakika 15 na 30, fuata karatasi ya kifaa chako. Mstari hafifu uliotokea baada ya saa nzima hausomwi.

Na msisahau malaria. Homa ya mwambao si ya ugonjwa mmoja: toboa kidole, pima malaria siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

---

Kiranja_Darasa3

Ahsanteni. Swali la hosteli: chumba vitanda vinne, dirisha moja, choo cha pamoja. Mmoja ameanza kukohoa usiku. Tumpeleke wapi, na sisi watatu tufanye nini?

---

DakaNaKiwanda (afya ya mazingira, Lamu)

Kiranja, panga hivi.

Mgonjwa apewe chumba peke yake ikiwezekana. Isipowezekana, kitanda chake kiende karibu na dirisha upande ambao upepo unatokea nje, si upande unaoingilia. Msimu wa kusi upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, msimu wa kaskazi hugeuka, kwa hiyo kitanda kilichokuwa sawa mwezi wa Julai huenda kisifae Januari. Njia rahisi ni kuwasha kiberiti karibu na dirisha, ukazima, ukaangalia moshi unaelekea wapi. Vitanda viachane angalau mita 1, na mlale kichwa kwa miguu.

Pangaboi la darini halitoi hewa nje, linazungusha ile ile. Feni ya kusimama ni bora: iweke ikitazama dirisha ili isukume hewa nje, na mlango uachwe wazi kidogo ili hewa safi iingie.

Wanaokaa nyumba za mawe Mkomani mna kazi zaidi. Kuta nene, vidirisha vidogo, chumba cha ndani kabisa hakina upepo wa maana. Desturi yetu ni kumlaza mgonjwa ndani, kwenye giza na utulivu. Kwa ugonjwa wa hewa hapo ndipo pabaya kuliko pote. Mpelekeni juu ghorofani, au msana (ukumbi mrefu) unaotazama kiwanda (ua wa ndani), au chumba chenye mlango wa kuelekea darini. Daka (ukumbi mdogo wa mlango wa mbele) pasiwe baraza ya kumjulia hali, maana mlango wa mbele ndio wapita wote.

Choo: mgonjwa aingie wa mwisho, dirisha libaki wazi, kisha pasafishwe. Sabuni na maji kwanza, halafu klorini. Jik (dawa ya klorini ya madukani) ya asilimia 3.5 (soma lebo, nguvu zinatofautiana) ukitaka asilimia 0.1 ni sehemu 1 kwa sehemu 34 za maji, yaani vijiko 2 vya chakula kwa lita moja. Damu au matapishi ni asilimia 0.5, sehemu 1 kwa 6. Acha sehemu ibaki na unyevu dakika 10. Changanya upya kila siku, ufunike, weka kivulini, kwa kuwa jua na joto huila klorini. Usinyunyize hewani. Usiichanganye na siki, ndimu wala dawa ya kusugulia choo yenye asidi: inatoa gesi ya klorini, na huyo mwenye kifua kibovu ndiye atakayeipata wa kwanza.

Nyinyi watatu mmeshakuwa waliokaribiana naye. Barakoa ndani ya chumba, mjulisheni mkufunzi kabla ya zamu ya kesho, msiende wodini mkisubiri muone.

---

FamasiaLangoni

Upande wa dawa, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine na asiyehitaji oksijeni.

Parasetamoli gramu 1 (vidonge 2 vya miligramu 500) kila baada ya saa 6 akiwa na homa au maumivu, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mwenye kilo chini ya 50 apigiwe hesabu ya miligramu 15 kwa kilo. Hatari iliyojificha ni zile dawa za mafua za vidonge na za unga. Nyingi zina parasetamoli ndani. Mtu anameza Panadol, kisha anakoroga pakiti ya mafua mara tatu, na jioni amevuka kiwango bila kujua.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ziacheni mpaka homa ijulikane ni ya nini. Mwambao huu una dengi, na dengi ukiipa dawa hizo unakaribisha kutoka damu. Chikungunya nayo si ngeni: mlipuko mkubwa wa 2004 ulikuwa hapa hapa Lamu.

Azithromaisini ni antibiotiki, haiui virusi. Deksamethasoni ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu wanafunzi wanajua jina lake. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, Juni 2020, ulionyesha miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, inapunguza vifo kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na walio kwenye oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Kwa hiyo anayejidunga chumbani siku ya 2 hajiwahi: anapunguza kinga yake wakati inahitajika, na sukari inapanda.

Maji ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini): soma pakiti ni ya nusu lita au lita nzima. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Sasa sikilizeni watu wa Lamu: msikorogee kwa maji ya kisima cha magadi. Chumvi imeshakuwemo, mkiongeza ya pakiti mnapita kipimo na mgonjwa anaharisha zaidi. Tumieni ya mvua ya birikani yaliyochemshwa, au ya chupa.

Madafu ni mazuri kwa kumfungua mtu hamu, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Hayachukui nafasi ya ORS kwa anayeharisha au kutapika, na mwenye ugonjwa wa figo asipewe ovyo.

---

Bi_Rukia_wa_Shela

Na kujifukiza je? Majani ya mwarobaini na mkaratusi, bibi zetu wametumia miaka na miaka. Mbona mnayaruka?

---

FamasiaLangoni

Hatuyaruki, Bi Rukia. Mvuke hulegeza kamasi na mtu hujisikia nafuu ya pua. Virusi viko ndani ya chembe za mwili, joto la mvuke uwezalo kulivumilia haliviui. Madhara yake ni mawili. Sufuria la maji yanayochemka chini ya shuka, kwa mtu mwenye homa na kizunguzungu: huungua mapaja na tumbo. Na wawili kuingia shuka moja kwa kubana kuni ni kupeana ugonjwa waziwazi. Anayetaka nafuu ya pua akoge maji ya moto, au aoshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa.

---

Bi_Rukia_wa_Shela

Haya mwanangu, nimekusikia. Ila mwarobaini wangu sikuutupa.

---

Pumzi94 (muuguzi wa oksijeni, Malindi)

Nilikuwa nasubiri mfike hapa. Wengi huanza kuona nafuu kidogo, kisha kati ya siku ya 5 na ya 10 baadhi yao mapafu huharibika. Ndiyo sababu Sista anang'ang'ania siku 0. Siku ya 3 mtu akiwa mzima mzima si habari. Siku ya 7 ndiyo habari.

Chombo ni kipima oksijeni cha kidole. Jinsi ya kukitumia:

Kaa kitako, pumzika dakika 5, usizungumze. Vidole viwe na joto, sugua kama vimepoa. Tumia kidole cha shahada au cha kati. Kaa kivulini, jua kali huingilia mwanga wa kifaa. Subiri hadi namba itulie, kama dakika moja, ndipo uandike. Usichukue ile ya kwanza inayorukaruka. Angalia na mapigo ya moyo: yakisoma 40 na wewe unahisi 100 kwenye kifundo cha mkono, hata ile oksijeni usiiamini.

Hina. Dada zetu wanauliza sana. Hina nyekundu haina shida kubwa. Nyeusi, na piko (rangi nyeusi ya kujipamba), inaweza kuzuia kifaa kisisome kabisa. Ukiwa umepakwa vidole vyote kwa ajili ya harusi, jaribu kidole cha mguu, au wodini waombe klipu ya sikio. Rangi ya kucha ifutwe.

Pia kifaa hiki kwa ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba iliyo juu kuliko hali halisi ya damu. Kwa hiyo asilimia 94 ya kwetu isichukuliwe kama ushindi. Tazama mwelekeo: aliyekuwa 98 juzi, 96 jana, 94 leo, anashuka, hata kama kila namba kwa peke yake haitishi.

Kipimo cha kuinuka: kaa kwenye kiti, inuka na ukae bila kushika mikono kwa dakika 1 kwa kasi yako. Oksijeni ikishuka kwa 3 au zaidi, toa taarifa. Usimfanyishe ambaye tayari yuko chini ya 94 au anahema akiwa amekaa.

94 kwenda juu: endelea kupima mara tatu kwa siku. 90 hadi 93: hospitali siku hiyo hiyo. Chini ya 90: dharura, sasa hivi. Na bila kifaa, hesabu pumzi kwa sekunde 60 kamili mgonjwa asijue unamhesabu. 12 hadi 20 ni kawaida, zaidi ya 30 ni ugonjwa mkali. Msihesabu sekunde 15 mkazidisha kwa 4: ukikosea pumzi moja, umekosea nne.

Midomo kuwa ya samawati, kuchanganyikiwa, kifua kubana, kushindwa kumaliza sentensi: usihangaike na namba.

---

Mtepe_Faza

Pumzi94, hizo namba ni za mtu aliye na barabara. Wa Faza, Siyu, Pate, Kizingitini wanavuka bahari. Mwezi wa Juni hadi Agosti kusi ikichachamaa, nahodha mwenye akili zake haondoki usiku. Sisi 93 ndiyo tunayoiita dharura, tena mchana, kabla maji hayajatoka bandarini ikabidi kungoja yajae.

Kwa watakaomsindikiza mgonjwa na mtungi, pigeni hesabu kabla ya kutia mguu botini. Mtungi wa saizi E ukijaa una lita kama 680. Kwa lita 5 kwa dakika ni dakika 136. Kwa lita 10 ni dakika 68. Robo ya mwisho msiihesabu, na chukueni oksijeni ya mara mbili ya muda wa safari, maana injini huzima na gati hujaa. Vipuli vya puani (mpira mwembamba wa oksijeni) ni lita 1 hadi 5 kwa dakika. Barakoa ya kawaida isiwekwe chini ya lita 5, atakuwa anavuta hewa aliyoitoa mwenyewe. Yenye mfuko ni 10 hadi 15, na mfuko usinyauke wote anapovuta.

Mtungi ulazwe, ufungwe kamba, katikati ya boti, mbali na dumu la petroli na mashine. Asiwepo wa kuvuta sigara. Mikono yenye mafuta ya injini isiguse kichwa cha mtungi wala kirekebishi, oksijeni na mafuta huwaka. Wanafunzi hili hufundishwa darasani, ila darasani hakuna nahodha anayeongeza petroli mkivuka.

Mgonjwa akae ameegemea, asilazwe chali. Simu ipigwe mapema hospitali ya King Fahd ili kiti kiwe tayari gatini. Lamu mjini gari la wagonjwa haliingii vichochoroni.

---

Kiranja_Darasa3

Maalim, basi si bora mtu akianza kuumwa arudi kwao mapema? Nyumbani kuna uji na mama.

---

Mtepe_Faza

Hapana. Bora abaki karibu na oksijeni. Akipanda basi la Malindi hadi Mokowe, kisha boti iliyojaa, ameshaachia virusi njia nzima, anafika kwa wazee wenye sukari na presha. Siku ya 7 inamkuta kisiwani.

---

SistaMkomani

Naungana na Mtepe. Tena mipaka huweza kufungwa. Mwaka 2020 Kilifi, Mombasa na Kwale zilizuiwa watu kuingia na kutoka kuanzia tarehe 8 Aprili, Kilifi na Kwale hadi 7 Juni na Mombasa hadi 7 Julai, na Malindi imo ndani ya Kilifi. Mtu wa Lamu aliyekuwa upande wa Malindi alibaki upande huo. Kwa hiyo mpango uwe wa mahali ulipo: nani ataleta chakula mlangoni, nani atapiga simu asubuhi na jioni akiuliza namba tatu (joto, pumzi, oksijeni), mtamwita nani usiku. Jina moja, si "wenzangu wote". Wote wakiwa na jukumu, hakuna mwenye jukumu.

Karatasi sasa.

Siku 0 mjulishe mkufunzi wa kliniki na msimamizi wa wodi kwa ujumbe wa maandishi. Simu ya mdomo haibaki. Sema: dalili, zilianza lini, zamu ya mwisho ilikuwa lini na wodi ipi. Kama ulipatwa kazini, jaza fomu ya tukio wodini, uombe nakala. Barua ya daktari iwe na tarehe ya kuanzia na ya kuishia, namba yako ya usajili chuoni, sahihi na muhuri. "Apumzike siku kadhaa" haimsaidii mtu. Piga picha, tuma, na karatasi halisi uipeleke baadaye.

Saa ulizokosa utazilipa, na ni haki, kwa sababu baraza la wauguzi linataka mtu aliyefanya kazi zile. Mpango wa kuzilipa uandikwe kabla hujarudi. Usikubali mtu akusainie taratibu ambazo hukuzifanya ili "usichelewe". Mwaka wa mwisho wakaguzi wanalinganisha tarehe za daftari na tarehe za barua yako ya ugonjwa.

Muda wa kutengwa: mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa Mei 2020 ulikuwa siku 10 tangu dalili kuanza, na siku nyingine 3 bila dalili. Januari 2023 ukawa siku 10 kwa mwenye dalili bila kipimo, na 5 kwa asiye na dalili. Fuata unaotumika wakati huo, na chuo kisikwambie ulete PCR hasi ndio urudi: PCR huweza kubaki chanya wiki nyingi baada ya mtu kuacha kuambukiza.

---

Nur_Malindi

Shukran nyote. Maswali mawili: mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) afanye nini tofauti? Na sisi tunaovaa hijabu, N95 ikae wapi?

---

Pumzi94

Selimundu, ukhti: usingoje 93. Oksijeni ikishuka chembe nyekundu hujikunja, na maumivu ya mifupa yanaanza. Homa yenyewe tu ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Maji mengi, na mueleze mkufunzi hali yako kabla janga halijafika wodini, upangiwe sehemu yenye hatari ndogo. Mwenye pumu aendelee na dawa yake ya kuvuta, atumie kopo la kuvutia. Mashine ya mvuke chumba cha pamoja hapana, inapuliza hewa yake kwa wote.

---

SistaMkomani

N95 inaziba kwa ngozi. Kitambaa kikipita kati ya barakoa na shavu, hewa inaingia pembeni na umevaa pambo. Vaa kofia ya ndani ya pamba inayobana, mikanda ipite juu yake, wa juu kwenye kisogo na wa chini shingoni, kisha kofia ya upasuaji ifunike yote. Mtandio wa nyumbani ubaki chumba cha kubadilishia. Niqabu si barakoa ya kazi. Kaka zetu, ndevu nazo haziruhusu N95 kuziba. Anayezifuga kwa dini aombe mapema kofia yenye kipuliza hewa, na isipokuwepo apangiwe kwingine.

Jaribu kila uvaapo: viganja viwili juu ya barakoa, toa pumzi kwa nguvu. Ukisikia upepo machoni, bana chuma cha pua. Ukiusikia mashavuni, vuta mikanda.

Na kuvua ndiko kunakowaambukiza watu, mtu akiwa amechoka saa moja asubuhi. Glavu, gauni ukilikunja nje kuingia ndani, nawa, ngao ya uso kwa kushika mkanda wa nyuma, nawa, toka nje ya chumba cha mgonjwa, ndipo barakoa kwa mikanda tu, nawa tena. Kunawa kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, kwa spiriti 20 hadi 30. Maji ya magadi hayatoi povu: ongeza sabuni, sugua muda mrefu zaidi, au tumia spiriti kama mikono haina uchafu.

---

DakaNaKiwanda

Nidokeze moja kwa wanaorudi. Pua. Wengi hupoteza harufu kwa wiki kadhaa, na wanaishi na meko ya gesi chumbani. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na kichwa cha mtungi: mapovu yakikua, gesi inavuja. Funga mtungi kila umalizapo kupika. Chakula cha jana usikiamini kwa kunusa, angalia tarehe.

---

SistaMkomani

Na wodini pia. Mwambie msimamizi kwamba hunusi. Kidonda kilichooza, pumzi ya mwenye sukari iliyopanda, choo cheusi cha damu: vyote hivyo muuguzi huvijua kwa pua kabla ya macho. Mpaka irudi, funua bandeji utazame rangi na usaha, pima sukari badala ya kukisia.

Usirudie zamu ya usiku wiki ya kwanza kama mapigo ya moyo yanapanda sana kwa ngazi moja. Uchovu wa baada ya ugonjwa ndio wakati wa kujichoma sindano. Kisanduku cha sindano kiwe karibu na mkono wako, usirudishie kifuniko, na dawa za hatari hesabu na mtu wa pili.

---

Nur_Malindi

Sare nazo? Tunafua pamoja hosteli.

---

DakaNaKiwanda

Ibebe kwenye mfuko uliofungwa, usiikung'ute. Maji ya moto nyuzi 60 na sabuni, au kama hakuna ya moto, fua kwa sabuni kisha loweka dakika 30 kwenye klorini ya asilimia 0.05: kijiko 1 cha chakula cha ile Jik kwa lita 1. Suuza, anika juani. Beseni la mgonjwa lisitumiwe kukandia unga.